Mwito Mmoja wa Hjördis

Mume wangu Torkel akiingia duka la vifaa vya kamera, mimi huwa mjane kwa muda. Siku ile ya Agosti, huko Stockholm, alisimama mbele ya meza ndefu ya kukodishia vifaa, mikono nyuma kama daktari anayepita wodini. Juu ya meza kamera ilikaa uchi, kisanduku cheusi kisichozidi nusu ya mkate wa boflo. Wenye kazi hii wanajua kwamba kamera peke yake ni kama jiko bila sufuria. Kila unachotaka ikufanyie, lazima uifungie kitu kingine.

Na safari hii Torkel aliitaka imfanyie jambo moja tu, imnase mama yake akiita ng'ombe.

Mama mkwe wangu, Hjördis, alikuwa wa mwisho upande wetu wa Härjedalen, jimbo la milima na misitu la Uswidi, kupeleka ng'ombe malishoni msituni kila kiangazi na kuwarudisha kwa sauti yake. Ni mwito mwembamba wa juu sana, unaopandishwa kichwani na kurushwa juu ya miti, na ng'ombe walio mbali huko kwenye vinamasi huacha majani wakaanza safari ya kurudi. Watu wa redio walishamfuata na mashine zao, akawafukuza. "Mimi siimbi," aliwaambia. "Naita ng'ombe. Nyinyi si ng'ombe." Hakuna aliyewahi kumrekodi, hata kwa simu.

Kisha mwaka ule theluji ilipoanza kuyeyuka akashikwa na kikohozi kisichokwisha. Daktari wa mji wa Östersund akaona kivimbe kwenye nyuzi za sauti, akapanga upasuaji wa mwanzo wa Septemba, akamweleza bila kuzunguka kwamba sauti itakayobaki itakuwa ya kunong'ona. Mpaka siku hiyo asipaze sauti kabisa, asije akajiharibu zaidi.

Hjördis akampigia mwanawe simu. "Njoo na kamera yako," akasema. "Nitaita mara moja, halafu basi. Nataka kujisikia, Torkel. Umri wote huu nimeita na sijui hata inasikikaje huko inakokwenda." Mwanamke huyu alikuwa hajawahi kumwomba mtu hata kibiriti. Torkel alipokata simu alikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, akashindwa kuvaa cha pili.

Kwa hiyo tulikuwa dukani, na kilichotubana kilikuwa uzito. Kule malishoni hakuna barabara. Gari unaliacha chini, unapita juu ya mbao zilizotandikwa kwenye matope, na kila kitu kinapanda mgongoni mwako. Mgongo mmojawapo ulikuwa wangu.

"Unapiga nini?" aliuliza Rurik, kijana wa kaunta, mwenye maneno mengi na masharubu machache.

"Uso," Torkel akajibu. "Uso wa mama yangu, karibu kabisa. Nataka nione mishipa ya shingo."

"Basi hii lenzi hapa, bwana. Ukimpiga nayo atakuwa malkia."

Lenzi ikasogezwa upande wetu. Vikafuata vioo vya kupunguza mwanga, maana jua la adhuhuri kule halina adabu. Ikaja stendi ya miguu mitatu, gurudumu la kurekebishia fokasi, yaani ukali wa picha, betri za akiba, na skrini ya kufunga ubavuni yenye kofia ya kuzuia jua. Mimi nilikuwa nainua kila kimoja na kukirudisha mezani kwa kishindo ili mtu ajue nimekipima. Torkel hata hakugundua.

"Na sauti je?" Rurik akauliza.

"Ninayo maikrofoni ya kubana kwenye nguo. Inaingia moja kwa moja kwenye kamera."

"Beba na hiki kinasa sauti basi. Kinarekodi nakala mbili kwa pamoja, moja ya kawaida, moja ya chini. Mtu akipaza sauti ghafla, ile ya chini inakuokoa."

Torkel akacheka. "Humjui mama yangu wewe. Anaongea kama kuna mtoto amelala chumba cha pili. Shida yangu miaka yote ni kumsikia."

"Lakini si umesema anaita ng'ombe?"

"Kaka, mwito huo nimekua nao. Ni kama uzi. Ukikohoa tu, umekupita."

Wala hakuwa anatia chumvi. Utotoni yeye ndiye aliyekuwa akifuatana na ng'ombe msituni, na mwito wa mama yake ulimfikia huko baada ya kupita miti na vilima, umekonda, umebaki ule uzi anaousema. Hakuwahi hata siku moja kusimama pale unapotokea. Alipotimiza umri wa kubaki kibandani na mama yake badala ya kufuata ng'ombe, alikwenda shule ya mjini. Mtu aliyekulia kwingine angeuliza, angepima, angeogopa. Ni mtoto wa malishoni peke yake anayeweza kuwa na uhakika wa namna ile na akakosea.

Mwishoni vikabaki vitu viwili kugombea nafasi moja ya begi. Kimoja ni kile kinasa. Cha pili ni reli fupi ya kutelezeshea kamera, ili picha ianze kwenye uzio mtupu, isogee polepole kama inavyosogea mashua ziwani, ifike usoni mwa Hjördis wakati anafungua kinywa. Torkel aliipapasa ile reli kwa kidole mpaka nikaona wivu. Na mimi nisijifanye nilikuwa na akili siku ile, kwani pale mezani nilikuwa nikipigania soksi kavu na chupa ya chai.

"Reli," akasema. Rurik akakirudisha kinasa kwenye rafu.

Hjördis alitupokea mlangoni pa kibanda chake cha malishoni, kitambaa kichwani, aproni ya jikoni kiunoni, akatutazama tunavyohema.

"Mmehama Stockholm?" akanong'ona. Kunong'ona kulikuwa kwa amri ya daktari, ila kwake hakukuwa na tofauti kubwa.

"Ni vifaa, Mama."

"Vyote hivyo ni kwa ajili ya mdomo wangu? Mdomo wenyewe hauna hata meno ya kujaza."

Alitupa kahawa yenye vipande vya jibini ndani, kama kawaida ya huko, akatuambia ng'ombe wote wako upande wa pili wa kinamasi pamoja na Majros, yule ng'ombe anayewaongoza wenzake. Alikuwa amewaacha huko makusudi. Msimu ulikuwa umefika wa kuwateremsha kijijini, na alitaka mwito wake uwe wa kazi. "Siwezi kuita hewa," alisema. "Nitajisikia mjinga."

Kesho yake adhuhuri Torkel alifunga kila kitu alichokikodi juu ya kile kisanduku, mpaka kamera haikuonekana tena, kilionekana kiwanda. Akaweka reli sambamba na uzio. Akamsimamisha mama yake mahali anaposimama siku zote, kando ya jiwe kubwa, akabana ile maikrofoni ndogo kwenye ukosi wake, chini kidogo ya kidevu.

Akamfanyisha mazoezi ya kimya kwanza, ili ajue fokasi iende wapi. Hjördis akapanua kinywa bila sauti, akainua kidevu, akaweka mkono shavuni. Alifanana na mtu anayemwonyesha daktari wa meno jino bovu. Tulicheka wote watatu, naye akacheka kwa kushika koo.

Halafu ikaja sauti. Watengenezaji wa filamu wote, akae mbele yao waziri au mwizi wa baiskeli, wana swali moja la kupimia sauti.

"Mama, sema umekula nini asubuhi."

"Uji," Hjördis akanong'ona.

Torkel akaongeza kiwango cha kunasa sauti kwenye kamera. "Tena, tafadhali."

"Uji na jamu kidogo. Ulikuwepo, uliula nawe."

Akaongeza tena. "Endelea tu, Mama."

"Na kahawa. Torkel, masikio umeyaacha Stockholm?"

Akaongeza mpaka akatabasamu. Akanigeukia, hedifoni masikioni, uso umemng'aa. "Nasikia mpaka anavyomeza mate," akaniambia. Hakuna aliyemwomba Hjördis aijaribu sauti yenyewe, maana alikuwa nayo moja tu ya kutoa.

Mambo mawili aliyoyafanya baada ya hapo nimeyafikiria mara nyingi. Alizima maandishi na vimstari vyote kwenye ile skrini ya ubavuni, pamoja na kile kinachogeuka chekundu sauti ikizidi, ili aone uso wa mama yake mtupu. Kisha akazishusha hedifoni shingoni. "Huu nataka kuusikia kwa masikio yangu," akasema. Nani angemlaumu kwa hilo? Mimi niliona ni heshima.

Akampa ishara. Hjördis akavuta pumzi.

Nilirudi nyuma bila kutaka. Nilikuwa nimeolewa ukoo ule miaka mingi na sikujua kwamba mwili mdogo namna ile unaweza kutoa kitu kikubwa namna ile. Sauti ilipanda, ikakatika kwa juu, ikapanda tena palipokuwa hapana pa kupanda, nikaisikia kwenye fizi na kwenye mifupa ya kifua. Torkel alikuwa anaitelezesha kamera kwenye reli, mikono imetulia kama ya fundi saa, na machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Hakuyafuta. Mbali, ng'ambo ya kinamasi, kengele ya kwanza ikalia. Ikafuata nyingine. Hjördis akaita mpaka Majros akatokeza kichwa cheupe kati ya miti, na wenzake nyuma yake, wakitembea kwa haraka ya watu walioitwa kwa majina.

Ndipo akanyamaza, akakohoa, akaketi juu ya jiwe. Nikampa maji. Alikuwa amechoka ila amefurahi kama msichana, mashavu mekundu.

"Imeingia?" akauliza.

Torkel alivaa hedifoni, akatugeuzia mgongo, akasikiliza. Akarudisha, akasikiliza tena. Nilidhani analia na hataki tumwone. Alipogeuka alikuwa anatabasamu.

"Imeingia, Mama. Yote."

"Basi," akasema Hjördis, akanyanyuka kwenda kufungua uzio.

Upasuaji ukafanyika kama ulivyopangwa. Kivimbe hakikuwa cha hatari, tulimshukuru Mungu, na sauti ikaondoka kama daktari alivyosema. Torkel alirudi kutoka hospitali akajifungia kwenye chumba chake cha kazi. Nilimsikia akicheza kipande kilekile, kidogo kidogo, kwa sauti ya chini. Nilifikiri ni chombo kibovu anachojaribu. Siku niliyoingia na chakula bila kubisha ndipo nilipojua.

Picha ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote alichowahi kupiga. Uzio, nyasi, kisha ule uso, mshipa wa shingo, jua kwenye nywele zilizotoroka kitambaani. Halafu kinywa kikafunguka na spika zikatoa mlio wa bati linaloburutwa juu ya kokoto. Mwito mzima ulikuwa hivyo. Kelele iliyopasuka, na ndani yake hakuna kitu.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Palepale."

"Na ukamwambia imeingia?"

"Nilidhani itarekebishika. Kila kitu siku hizi kinarekebishika."

Huo ndio ugonjwa wao, watu wa kazi hii. Jua likizidi, watalipunguza mezani pa kuhariri. Nguzo ya umeme ikiingia kwenye picha, wataifuta mezani. Torkel aliipeleka ile sauti kwa kila fundi anayemjua, na wote walimpa jibu moja, kwa upole au kwa ukavu. Sauti iliyojaa kupita kiasi imekatwa kichwa, na kilichokatwa hakikunaswa popote. Hakuna cha kutengeneza.

Mmoja wao akampa wazo la kumtafuta binti wa chuo cha muziki anayejua kuita, amrekodi studio, aipandikize sauti yake juu ya picha. Torkel akaja kuniuliza mimi, tena mezani, viazi mdomoni.

"Ukimwekea mama yako sauti ya mtu mwingine," nikamwambia, "mimi namchukua mbwa wetu naondoka."

"Hatajua. Hajawahi kujisikia."

"Ndiyo maana usithubutu."

Hakulitaja tena. Lakini nilikuwa na hasira naye kwa majuma, na hasira yenyewe ilikuwa na huruma ndani yake, jambo linalochosha kuliko hasira tupu. Alikonda. Aliacha kupokea kazi. Simu ya mama yake ikiingia ilikuwa ni ujumbe wa maandishi, maana kuongea hawezi, na kila ujumbe uliuliza lilelile: lini nitajisikia? Naye alijibu kwamba bado anaikata filamu, bado anaipanga, kidogo tu Mama.

Mwezi wa Oktoba Hjördis aliandika neno moja tu: Njooni. Tukaenda.

Alikuwa kwenye nyumba yake ya kijijini, amepika keki, amevaa sweta yake ya kwendea kanisani. Alikuwa amesogeza kiti chake karibu na televisheni. Torkel aliunganisha waya kama mtu anayejifunga kamba mwenyewe. Nilidhani atasema ukweli kwanza. Akabonyeza.

Uzio ukatokea, na nyasi, na ule uso. Hjördis akajiinamia mbele. Kinywa kikafunguka na lile bati likaanza kuburutwa. Alisikiliza mpaka mwisho bila kutikisika, mpaka Majros alipotokeza kichwa.

"Kumbe ndivyo nilivyokuwa nikisikika," akanong'ona.

Hakuwa analalamika. Alicheka kidogo, kicheko cha aibu, akavuta mikono ya sweta ikafunika vidole. "Na majirani walikuwa wananiambia ni nzuri. Watu wana adabu sana."

"Siyo, Hjördis!" nikaropoka. "Nilikuwa nimesimama pale. Sijasikia kitu kizuri namna ile maishani mwangu."

Akanigusa mkono. "Wewe ni mkwe mwema."

Roho iliniuma, kwa sababu niliona haniamini na hana sababu ya kuniamini. Ushahidi wenyewe ulikuwa umepigwa mbele yake sasa hivi.

Torkel akapiga magoti kando ya kile kiti, mtu mzima mwenye mvi. "Ni mashine, Mama. Si wewe. Niliifungua mno maikrofoni, sauti ikapasuka. Kulikuwa na kifaa ningekibeba kingeiokoa, nikakiacha dukani nikabeba kingine. Ni mimi."

Hjördis akamgeukia. "Ulijua lini?"

"Palepale. Ulipokuwa unakunywa maji."

"Nikiwa nimekaa pale kwenye jiwe?"

"Ndiyo, Mama."

"Na sauti nikiwa bado ninayo?" Akavuta pumzi, maana kila neno lilimgharimu. "Ningeita tena."

"Najua," Torkel akasema. "Ndiyo maana sikukwambia. Ungeita mpaka ujiumize. Daktari alikataza, nikaona—"

"Daktari nilimsikia mimi. Alikuwa anaongea na mimi." Sauti yake ilikuwa hewa tupu sasa, ikabidi tusogee. "Koo lilikuwa langu, Torkel. Ungeniuliza."

Torkel akaweka paji la uso juu ya mkono wa kile kiti. Alisema amekosa, akasema tena na tena, mpaka Hjördis akamwekea kiganja kichwani kumnyamazisha. Hakuonekana mwenye hasira. Alifungua kinywa, na kwa jinsi alivyoinua macho niliona ana mengi bado ya kumwambia mwanawe. Ila kunong'ona kulikuwa kumeshamchosha. Akafunga kinywa, akaashiria keki ile ikatwe, na hayo mengine hatukuyapata, hata kwa maandishi.